Ndoa ya Sara na Yona: Jinsi ya Kuisoma Bembea ya Maisha

Ukiulizwa tamthilia ya Bembea ya Maisha inahusu nini, jibu fupi kuliko yote ni hili: inahusu mume na mke waliozeeka pamoja. Yamo mengine mengi, kama vile ulevi, mila, malezi, afya na tofauti ya kijiji na mji, na katika mtihani utaulizwa kuhusu hayo yote. Lakini karibu yote yanaingilia mlango mmoja, mlango wa nyumba ya Sara na Yona. Mwanafunzi anayeielewa ndoa hii vizuri hapati taabu na maudhui mengine. Anayeiruka, akakimbilia kukariri orodha ya maudhui, hukwama swali linapogeuzwa kidogo tu.

Mwandishi wake, Timothy Arege, si mgeni katika vitabu teule. Ndugu zako wakubwa huenda walisoma Mstahiki Meya, tamthilia yake nyingine, ambayo uwanja wake ni ofisi na uongozi mbaya wa mji. Hapa amerudi nyumbani. Adui hana ofisi wala walinzi. Adui ni maneno ya watu, chupa, na yale ambayo mume na mke wameshindwa kuambiana kwa miaka mingi.

Somo hili limeandikwa kwa kuwafikiria hasa wanafunzi wa Lunga Lunga na maeneo jirani: Vanga, Kikoneni, Mwereni hadi Msambweni. Mifano mingi imetoka huku. Usiihamishie katika karatasi ya mtihani, kwa kuwa mtahini anataka ushahidi wa kitabu. Itumie kukielewa kitabu, kisha uiache nje ya chumba cha mtihani.

Jihadhari na kicheko

Wengi wenu mtakutana na tamthilia hii kwanza kwa macho, kabla ya kuisoma. Vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni kuigiza vitabu teule, na maigizo mengine hurekodiwa yakatazamwa kwa simu kama filamu. Ni jambo zuri, na tamthilia iliandikwa ili iigizwe. Ila kuna mtego. Mwigizaji anayejua kazi yake anajua kwamba mlevi jukwaani huchekesha. Atayumba, atakokota maneno, atagonga meza, na ukumbi mzima utaangua kicheko. Mwanafunzi akienda nyumbani anakumbuka Yona mchekeshaji.

Sasa rudi kitabuni usome sehemu hizohizo polepole, peke yako. Mlevi yule anarudi kwa mke mgonjwa. Mke huyo amewahi kupigwa na mkono uleule ulioshika chupa. Maneno hayajabadilika, lakini kicheko kimekwisha. Ninakushauri ufanye hivi kila unapotazama igizo: sehemu iliyochekesha zaidi, isome tena. Mara nyingi ndiyo sehemu yenye uchungu zaidi.

Miaka mingi ndani ya siku chache

Filamu inayosimulia ndoa ndefu ina uhuru mkubwa. Inaweza kutuonyesha bibi na bwana harusi wakiwa vijana, ikakata picha, tukawaona wana watoto, ikakata tena, nywele zikawa nyeupe. Jukwaa halina uhuru huo kwa urahisi. Arege hatuonyeshi siku ya harusi ya Sara na Yona wala kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza. Tunawakuta jioni ya maisha yao. Sara ni mgonjwa. Watoto wameshakuwa watu wazima. Mengi yaliyowafikisha hapo yameshatokea kabla ya pazia kufunguliwa.

Tunayajuaje basi? Kwa mazungumzo. Sara anazungumza na Dina, jirani na rafiki yake. Yona anazungumza na Luka na Beni. Neema anazungumza na mamake. Kila mazungumzo yanatupa kipande cha zamani. Hii ndiyo mbinu rejeshi, na katika tamthilia hii si pambo, bali ndiyo njia kuu inayotuwezesha kuijua ndoa yenyewe.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita: kipande cha zamani hutegemea anayekisimulia. Sara akisimulia miaka ya tabu, hasimulii kama vile Yona angesimulia. Unapopewa dondoo na kuulizwa muktadha, zile alama nne za msemaji, msemewa, mahali na sababu ni mwanzo tu wa kazi. Jiulize pia: je, angeyasema haya mbele ya mwenzake? Yapo ambayo Sara anamwambia Dina kwa sababu Yona hayupo. Ndoa ya miaka mingi ina maneno ya namna hiyo, na mwandishi ameyatumia vizuri.

Fanya zoezi hili kabla ya kuendelea. Chukua daftari uyapange matukio ya ndoa hii kwa mfuatano wa miaka, si kwa mfuatano wa maonyesho. Utapata takriban hivi: wanaoana; wanakaa muda mrefu bila mtoto na watu wanaanza kusema; wanapata watoto, wote wa kike, na watu wanaendelea kusema; Yona anazama katika ulevi na kumpiga mkewe; mabinti wanasoma na kuondoka; Sara anaugua; Neema anashughulikia matibabu yake mjini; Yona anaanza kujitazama upya. Ukishapanga hivyo utaona kwamba ugonjwa wa Sara, unaotangulia kwenye jukwaa, ni tukio la karibu mwisho katika maisha yao. Mwandishi ameanza na deni ndipo akatueleza lilivyokopwa.

Lawama ya watoto

Hapa ndipo penye mzizi wa mgogoro, kwa hiyo tukae kidogo.

Sara na Yona walichelewa kupata mtoto. Jamii ikamwangalia Sara. Walipopata, wakawa wasichana: Neema, Salome na Asna. Jamii ikamwangalia Sara tena. Shinikizo hilo la kutaka mrithi wa kiume lilimlemea Yona, akatafuta faraja kwenye pombe, na hasira yake ikamwangukia mkewe. Tazama mkondo wa lawama. Unaanzia nje, katika vinywa vya watu, unapita kwa Yona, unaishia mwilini mwa Sara. Yona ni mwonewa na mwonevu kwa wakati mmoja. Jibu linaloonyesha pande zote mbili ndilo jibu lenye uzito. Linaloonyesha upande mmoja halitoshi, hata likiandikwa kwa Kiswahili kitamu.

Somo la Biolojia linaweza kukusaidia hapa. Ukifika kwenye jenetiki utajifunza kwamba mama hutoa kromosomu X tu, na baba ndiye hutoa ama X ama Y. Jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba, tena bila yeye kuchagua. Kuhusu kuchelewa kupata mtoto, chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili. Maana yake ni kwamba Sara alilaumiwa miaka yote hiyo kwa jambo ambalo hakulitenda na hangeweza kulitenda. Hiki ni kinaya kikali. Mtahini hatakuuliza kromosomu katika karatasi ya Fasihi, lakini ukilijua hili utaandika juu ya Sara kwa uhakika.

Jambo jingine ambalo msomaji wa Kwale yuko katika nafasi nzuri ya kuliona. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba mila za Kiafrika humthamini mtoto wa kiume pekee. Sentensi hiyo ni pana mno. Kwa Wadigo wa zamani, ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa wapwa wake, watoto wa dada yake, kabla ya sheria ya Kiislamu na mabadiliko ya karne iliyopita kuelekeza urithi zaidi kwa watoto wa mtu mwenyewe. Waduruma nao walihesabu pande zote mbili, ukulume wa baba na ukuche wa mama. Katika mpangilio wa namna hiyo, mwanamke mwenye mabinti watatu hakuwa ameshindwa chochote. Alikuwa ameendeleza ukoo.

Sisemi kwamba huku kwetu hakuna mke aliyewahi kusutwa kwa kuzaa wasichana. Wapo, na pengine unawajua. Ninachosema ni kwamba ile inayoitwa mila katika kitabu ni mila ya jamii ile inayochorwa mle. Andika hivyo: jamii ya Sara na Yona inathamini mtoto wa kiume. Usiandike Waafrika wote.

Tazama jikoni

Ukitaka kupima joto la ndoa hii, usianzie kwenye hotuba. Anzia jikoni. Sara ni mgonjwa, lakini bado chakula cha mumewe ni mzigo wa akili yake. Dina ndiye anayeingilia kati na kumsaidia. Mwanamke jirani anawasha moto katika nyumba yenye mwanamume mzima, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu jamii imeshaamua jiko ni la nani.

Hili linaeleweka upesi huku. Fikiria nyumba yoyote njiani kati ya Lunga Lunga na Kikoneni ambamo mama amelala hoi. Nani anakuna nazi? Nani anasonga sima? Nani anachota maji? Mara nyingi ni binti, na binti akiwa shuleni ni shoga wa mama. Mzee yuko nje chini ya mwembe, na si kwamba ana roho mbaya. Hajawahi kuombwa kufanya kazi hiyo, na anaogopa wenzake watasema amekaliwa na mke. Woga huo wa kusemwa ndio uleule uliomfikisha Yona kwenye chupa. Kwa hiyo suala la mwanamume kupika, linaloonekana dogo, lina uhusiano na mgogoro mkubwa wa tamthilia. Fuatilia kila mahali jikoni panapotajwa hadi ukurasa wa mwisho na uandike pembeni: nani anapika, nani anatetea, nani anacheka. Utakuwa umepata nusu ya insha ya mabadiliko ya kijamii bila jasho.

Safari ya mjini na ndoa ya pili

Sara anahitaji tiba ambayo kijiji hakina, na Neema, binti mkubwa mwenye kazi mjini, ndiye anayeibeba shughuli hiyo. Mkazi wa Lunga Lunga anaijua hali hii. Maradhi yakizidi ni matatu hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni, na yakizidi zaidi ni kuvuka feri ya Likoni kwenda Mombasa. Kila hatua ina nauli yake, na kila nauli ina mtoto wa kupigiwa simu.

Mtoto huyo naye ana nyumba yake. Neema ameolewa na Bunju, na wana watoto wawili, Lemi na Mina. Bunju ndiye aliyemwokoa Neema katika ajali, na wema huo ulizaa ndoa. Lakini Bunju ni mtu wa mahesabu. Bajeti yake haina nafasi kubwa ya wakwe, na Neema anabanwa kati ya mama na mume. Usiridhike na kumwita Bunju bahili kisha ukapita. Jiulize mwandishi amemweka pale kwa nini. Nionavyo, ndoa ya Neema ni kioo kilichowekwa mbele ya ndoa ya Sara. Bunju halewi wala hapigi. Ana kazi na mpango. Hata hivyo mkewe anapotaka kumsaidia mama yake mzazi, lazima abembeleze. Sara aliumizwa kwa mkono, Neema anaumizwa kwa hesabu. Elimu na mji vimebadilisha sura ya tatizo lakini hawajapona.

Hapo hapo linajitokeza suala la mkwe kulala nyumbani kwa mkwe. Wasomaji wa mijini hulicheka. Wewe unayejua jinsi mkwe anavyoheshimiwa huku, hadi mtu kumpisha njia mama mkwe wake, utaelewa kwamba si upuuzi mtupu. Swali zuri la darasani ni hili: Bunju anaiheshimu mila, au anaitumia mila inapomfaa? Someni maneno yake mbishane.

Kuhusu neno "mvumilivu"

Karibu kila jibu ninalosahihisha kuhusu Sara linaanza na sifa hii. Si kosa. Kosa ni kuiacha hapo. Linganisha majibu mawili.

La kwanza: Sara ni mvumilivu kwa sababu alivumilia mateso ya mume wake Yona.

La pili: Sara ni mvumilivu. Anabaki katika ndoa licha ya masimango ya jamii kwa kuchelewa kuzaa na kwa kuzaa mabinti, na licha ya kipigo cha mumewe mlevi. Uvumilivu huu unawawezesha mabinti wake kulelewa na kusoma, lakini pia unamwacha bila mtetezi kwa miaka mingi.

La pili lina hoja, lina ushahidi, na lina kitu cha tatu: limeona gharama. Hiyo "lakini" moja ndiyo inayomtenganisha msomaji na mkariri.

Katika mjadala wa darasani mtu atasema, na ni haki yake, kwamba Sara angeondoka. Mwingine atasema bila subira yake familia ingesambaratika. Mnapobishana, kumbukeni kwamba Sara alianza ndoa yake katika wakati mwingine. Leo Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Kipigo alichopata Sara si siri ya ndani ya nyumba tena, ni jambo la kisheria. Na ikiwa unasoma sehemu hizi huku ukiona nyumba yako mwenyewe, nambari 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia hupigwa bila malipo. Mwalimu unayemwamini pia anaweza kusikiliza.

Je, hamna furaha?

Wanafunzi wakiulizwa kuhusu ndoa hii huorodhesha machungu kumi na kusahau upande wa pili, ilhali anwani yenyewe inadai pande mbili. Furaha ipo, ila haipigi kelele. Ipo katika mabinti: wale waliodaiwa kuwa hasara ndio wanaomshughulikia mama anapougua. Ipo katika urafiki wa Dina. Ipo pia katika Yona wa mwishoni, ambaye anajuta na kumtazama mkewe kama mtu aliyesafiri naye. Wazee hawa wana kumbukumbu ambazo hakuna mwingine aliye nazo. Hata ugomvi wao ni lugha wanayoielewa wawili tu.

Je, majuto ya Yona yanatosha? Mimi sina haraka ya kumsamehe kwa niaba ya Sara. Majuto yamekuja Sara akiwa mgonjwa, na nguvu za ujana wake hazirudi. Lakini siwezi pia kuandika kwamba hakubadilika, kwa sababu kitabu kinaonyesha amebadilika. Katika mtihani unaruhusiwa kushika upande wowote mradi uwe na ushahidi. Usichoruhusiwa ni kusema Yona ni mbaya mwanzo hadi mwisho. Mhusika huyu hakui kwa mstari ulionyooka, na ukimfanya bapa utapoteza alama.

Bembea

Bembea, au pembea kama wengine wanavyoita, ni kamba mbili na kibao, labda imefungwa kwenye tawi la mwembe au mkorosho. Swali la ufaafu wa anwani likija, wengi huandika tu kwamba maisha yana kupanda na kushuka. Hiyo ni alama moja au mbili. Endelea kuitazama. Bembea haiendi mbali. Inapanda na kurudi palepale, kama Sara na Yona walivyobaki pamoja miaka yote. Bembea huhitaji anayesukuma: kuna wakati jamii ndiyo iliyosukuma, tena kwa nguvu ya kuangusha, na kuna wakati Neema ndiye aliyesukuma. Na kamba ni mbili. Moja ikilegea, kibao hupinda hata kama nyingine ni imara. Oanisha kila hoja na tukio, nawe utafikisha hoja zako bila kujirudia.

Maswali ya mazoezi

1. "Jamii ndiyo mhusika mkuu katika ndoa ya Sara na Yona." Thibitisha kauli hii. (alama 20)

2. Linganisha ndoa ya Sara na Yona na ile ya Neema na Bunju. Katika ipi mke ana sauti zaidi? Toa ushahidi. (alama 20)

3. Chagua mazungumzo yoyote kati ya Sara na Dina. Eleza muktadha wake, kisha uonyeshe jambo moja analolisema Sara pale ambalo hangemwambia Yona. (alama 8)

4. Kwa wanaofanya kazi kwa vikundi: igizeni onyesho lolote lenye Yona mlevi mara mbili, mara ya kwanza kwa kuchekesha, mara ya pili bila kuchekesha hata kidogo. Hadhira iandike ni maneno gani ilisikia mara ya pili ambayo haikuyasikia mara ya kwanza.